Darasa Langu Liliponikatalia Posa

Jamani, mimi nilikataliwa posa mchana kweupe na darasa langu mwenyewe, na kinachouma zaidi ni kwamba darasa lilikuwa limefaulu. Kenyamonta nzima wanaijua habari hii, wengine wanaisimulia kuliko mimi, na nimechoka kuisikia ikiongezewa chumvi (hapana, sikulia, ulikuwa moshi wa jikoni), kwa hiyo acheni niieleze mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, kwetu Singida, serikali ikaniona nafaa kuletwa huku Serengeti upande wa mashamba na ng'ombe, ambako watalii hawafiki hata kwa kupotea njia, na mwaka wangu wa pili nikampenda Ghati, anayeuza dawa za mifugo pale senta. Ghati hakuwa na shida, alinipenda pia. Shida ilikuwa mama yake, mwenyekiti wa umoja wa wanawake kanisani, mama ambaye akikutazama tu unakumbuka kila kitu ulichowahi kuvunja tangu utoto. Nikamuuliza Ghati nimwingie vipi mama yake, akanijibu, "Nenda umwambie unanitaka. Mama anapenda mtu wa moja kwa moja." Nikamwona Ghati hajui dunia. Yaani mimi niliyesoma saikolojia muhula mzima chuoni, niende kwa mama mkwe nikaseme jambo kama lilivyo?

Siku hizo hizo akapita bwana mmoja wa suti na kipaza sauti, akawauzia akina mama mafuta yaliyoombewa, yanaondoa kila ugonjwa, na zimebaki chupa chache, na wenzao wa Busawe wamezigombania mpaka wameumizana. Wakanunua karibu umoja wote. Mama Ghati alichukua chupa tatu kwa ajili ya mgongo wa mume wake, Mzee Mwita, akampaka wiki mbili, mgongo ukabaki palepale ila mzee akawa ananukia maandazi, maana yalikuwa mafuta ya kupikia. Mchungaji akatangaza kwamba anatafuta mtu wa kuwafundisha akina mama jinsi ya kumtambua mtu anayewazungusha kwa maneno. Kabla hajamaliza kutangaza mimi nimeshasimama.

Nilifundisha Jumamosi nne, bure, soda na maandazi juu yangu, na sijisifu lakini nilifundisha vizuri. Niliwaambia mtu anayetaka kukuzungusha anaanza kwa kukupa kitu, ili uone aibu kumnyima atakachoomba, au anakusifia mpaka unalegea, au anakuharakisha usipate muda wa kufikiri, au anakwambia wote wameshakubali umebaki wewe, na akishindwa kote huko analeta machozi. Halafu nikawapa zoezi (Mungu anisamehe): popote utakaposikia mbinu, nyoosha mkono na uitaje. Wakalipenda zoezi hilo kupita kiasi. Bibi Wankuru, mama yake Mzee Mwita, ambaye hajawahi kukaa kwenye dawati maisha yake yote, ndiye aliyekuwa wa kwanza kila swali, na akikosea hakubali. Jumapili moja mchungaji akasema madhabahuni kwamba kanisa la Busawe wameshatoa mabati tumebaki sisi, mikono kumi na miwili ikapanda kwa pamoja, na Bibi Wankuru akatamka kwa sauti ya kanisa zima, "Wote wameshakubali." Mchungaji akanitazama mimi. Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje, mjinga mimi.

Baada ya hapo Mama Ghati akawa ananiletea maziwa mgando, ananiulizia hali, nikajua sasa mambo yameiva. Nikatafuta mshenga, na sikutafuta mshenga wa hivi hivi. Nilienda mpaka Nkende kumchukua Mzee Kadogo, dalali wa viwanja, mtu aliyewahi kuuza kiwanja chenye mwamba katikati na mnunuzi akamshukuru. Nikamwambia, mzee, siku hiyo usibakize kitu. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, yeye hajawahi kurudi na jibu la hapana.

Tulifika saa nne asubuhi, mimi, Mzee Kadogo na baba yangu mdogo aliyetoka Singida kwa basi. Wazee wa boma wako kwenye viti chini ya turubai, na pembeni, kwenye mikeka, umoja wa wanawake mzima, wamekuja kumsaidia mwenyekiti wao kupika. Nilipowaona nilifurahi kweli. Nikasema moyoni, hawa ni watu wangu.

Mzee Kadogo akaamkia shikamoo, akakohoa, akaanza. "Wazee wangu, nimezunguka Mara yote hii, lakini boma lenye heshima kama hili sijaliona." Bibi Wankuru akanyoosha mkono. Mzee Kadogo akadhani anataka kusalimiwa, akainama, "Shikamoo bibi." Bibi akaitika marahaba, mkono bado uko juu, akasema, "Sifa." Wazee wakacheka kidogo, mimi nikaanza kuhisi joto masikioni.

Mzee Kadogo si mtu wa kutetereka. Akaita mizigo kutoka kwenye gari, sukari, kreti za soda, blanketi zito la bibi, akasema kabla hatujasema lolote pokeeni hiki kidogo, sisi hatuombi chochote. Ikapanda mikono minane. Bibi Wankuru alikuwa ameshajifunika blanketi, akautoa mkono kwa chini yake, akasema, "Anatoa kwanza." Mzee Mwita akawa ameegemea mbele kwenye kiti, anaangalia kama mtu aliye kwenye mpira.

Hapo ningekuwa na akili ningesimama. Badala yake nikamkonyeza Mzee Kadogo aongeze kasi, naye akatoa silaha yake kubwa, ambayo wallahi hakuniambia. "Wazee, niseme ukweli. Kijana huyu ana barua ya uhamisho. Mwezi ujao huenda hayupo. Na kuna familia ya Busawe nayo inamtaka." Mikono yote. Hata mama mmoja aliyekuwa jikoni alitoka na mwiko akaunyoosha. Mama Ghati hakunyoosha mkono, aliniuliza mimi tu, taratibu, "Mwalimu, umepata uhamisho?"

Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ndogo, akaniomba nirudie, nikarudia.

Mzee Kadogo akapoteza uvumilivu, akageukia mikeka, "Lakini hawa mama zetu wamefundishwa na nani mambo haya?" Vidole vyote vikanielekea mimi, kwa upendo kabisa, walikuwa wanajivunia mwalimu wao. Baba mdogo akasogeza kiti chake pembeni kidogo, nilimwona.

Ingeishia hapo ningeondoka na aibu ya kawaida. Lakini Bibi Wankuru alikuwa bado anafikiri, na mimi ndiye niliyemfundisha kufikiri. "Ngoja, mura," akaniambia, yaani kijana. "Wewe ulitufundisha bure. Soda ulitupa wewe. Maandazi wewe. Ulituambia anayetoa kwanza anataka kitu. Sasa leo umekuja kumchukua mjukuu wangu." Akanyoosha mkono, polepole, na hakutaja jina la mbinu, hakukuwa na haja.

Mzee Mwita akasema, "Mshenga apumzike. Mwalimu useme mwenyewe." Nikasimama. Nikafungua na la kuwasifu akina mama, mkono ukapanda, nikaliacha. Nikajaribu la kwamba mimi niko mbali na kwetu, huku sina mama, na sauti ikanitetemeka (huo ndio ule moshi), Bibi Wankuru akasema kwa upole, "Machozi." Nilitafuta kichwani sentensi moja isiyo na hila ndani yake, nikakuta sina, na mimi najiita mwalimu. Mwishowe nikasema tu, "Nilijitolea kufundisha kwa sababu namtaka Ghati. Habari ya mafuta yenu sikuijali."

Hakuna mkono uliopanda. Mama Ghati ndiye aliyesema, na hakupaza sauti. "Siku ile ya kwanza nilirudi nikamwambia mzee, tumepata mtu aliyetuonea huruma. Yule wa mafuta sikumjua. Wewe, mwalimu, nilikuwa nakuombea kila usiku."

Niliumia. Sijui niliseme vipi vinginevyo, niliumia kuliko ningefukuzwa kwa fimbo. Mzee Mwita akasema hilo langu la mwisho ndilo la kwanza la maana kusikika tangu asubuhi, basi tule, halafu sisi wageni twende zetu. Posa, akasema, hawajaikubali. Akina mama wa vitongoji vya juu bado hawajafundishwa, nikitaka nikawafundishe, na kwa hilo hakuna anayeniahidi kitu. Siku hiyo nilikula nyama na kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo ambao siku zote naukwepa, na sikuusikia uchungu wake. Mzee Kadogo alipopanda gari kurudi Nkende alishusha kioo, nikadhani anataka kunipa pole, akaniuliza kama nina nakala ya notisi nilizowafundishia akina mama.

Ghati alikuja kunitazama kesho yake, akakaa, akasema, "Nilikwambia."

Nilifundisha miezi miwili huko juu, Jumamosi kwa Jumamosi, bila kujua kama nina mke au sina, na katikati nikajikuta naijali habari ya mafuta, maana huko wapo waliomwachisha mgonjwa dawa za hospitali kwa ajili ya zile chupa. Kisha asubuhi moja nikaenda kwa Mzee Mwita peke yangu, nikaamkia, nikasema nataka kumuoa Ghati na yeye ameshanikubali. Nilitumia maneno machache kuliko salamu. Mama Ghati akamwita binti yake aniletee kiti.

Mahari nayo sitaki kuizungumzia. Upande wao walikaa akina mama wa umoja wote, baba mdogo akafungua mdomo, "Lakini huko kwetu kila mtu hutoa...", akakuta mikono iko hewani, akaufunga, na ng'ombe waliotajwa tukawakubali walivyo.

Nimeapa nikiombwa tena kufundisha kanisani nitafundisha bustani ya mchicha. Na nikitaka kitu kwa mtu siku hizi namwambia hivyo hivyo kilivyo, na nanyimwa karibu kila siku, mkuu wa shule ndiye anayeongoza. Ila Mama Ghati akiniambia ameniombea, naweza kumtazama usoni nikasema asante.