Ikikataa, Ongeza Ukucha Mmoja

Tak. Ndivyo ilivyolia spana ya mjukuu wangu Mwita juzi, alipokuwa anafunga nyaya za pampu ya maji hapa kwetu Manchira. Akivuta, tak, anaacha. Nikamuuliza kama imevunjika. Akacheka. "Hapana, bibi. Inaniambia imetosha."

Nikatafuta pa kukaa. Mnisamehe, mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, tena hilo la tatu lenyewe nililimaliza kwa kuhurumiwa, kwa hiyo nitaeleza ninavyoweza.

Baba hakuwa na spana inayolia hivyo. Wakati ule dhahabu ilikuwa imewatoa watu mashambani, hata mwalimu wetu alikuja darasani na udongo wa shimo masikioni. Baba alikuwa fundi wa jenereta kwenye mashimo karibu na Genkuru. Jenereta ilizungusha feni, na feni ikasukuma hewa kwenye mpira mrefu mpaka chini walikochimba. Nyaya zake zilibanwa kwa nati kwenye vijiti vya shaba. Baba alishika spana kwa vidole vitatu, kama mtu anayeonja chumvi, akavuta mpaka nati igome. "Ikikataa, ongeza ukucha mmoja, halafu iache," alikuwa akisema, yaani uizungushe kidogo tu, kama upana wa ukucha. Wachimbaji walimcheka. Wao kila kitu walikaza kwa kuchomeka kipande cha bomba kwenye mkono wa spana, wawili wakakilalia. Walisema baba anakaza kama anafunga mlango wa kuku.

Kaka yangu Marwa alikuwa mmoja wa wachimbaji hao. Alikuwa na mwanya, na ukoko wa ugali alinibakizia bila kuombwa. Asubuhi moja niliwapelekea uji wakati wanangoja feni iwashwe. Marwa akanishika sikio, akasema, "Boke, uniangalizie hewa yangu."

Neno hilo nililibeba kama agizo la kanisani. Baba alikuwa amekwisha kukaza, akaenda kuchukua dizeli. Nikaitazama ile nati, nikaukumbuka mlango wa kuku. Nikachomeka bomba kwenye spana, nikaning'inia mwili mzima, miguu hewani. Ikakataa, ikakataa, halafu ghafla ikaja taratibu, laini, kama kitu kilichokubali. Nikafurahi. Baba akarudi, akawasha, Marwa akashuka na wenzake wawili.

Mchana kukanuka ndala inayoungua. Tukadhani ni mama ntilie anawasha moto wake, maana alikuwa na tabia hiyo ya kuwashia ndala kuukuu. Jenereta ilinguruma vizuri tu, ndiyo maana hakuna aliyegeuka. Iliyonyamaza ni feni. Walipovutwa juu, wawili walirudisha pumzi. Marwa hakurudisha.

Wazee wakauliza nani alikaza zile nyaya. Baba akasimama. "Nilikaza mimi. Kwa mkono wangu, peke yangu."

Nikaamini. Niseme ukweli, lile bomba hata sikuliwaza. Mimi nilikuwa nimesaidia, ningeuaje? Kosa lilikuwa la vidole vyake vitatu.

Hakupewa kazi tena. Tukarudi kijijini kwetu Nyarero kulima, na mimi shikamoo yangu nilimpa nikitazama sufuria. Baada ya kuolewa huku Manchira, siku moja alikuja kunitembelea, amezeeka, kuku kwapani. Akaniuliza, "Boke, bado una hasira na mimi?"

Nikasema ndiyo.

"Ni sawa, mwanangu. Bora iwe kwangu."

Nikaona ni maneno ya kizee tu. Hakuja tena mpaka tukamzika.

Basi juzi nikamuuliza Mwita, je, spana ikishalia na wewe ukaendelea kuvuta? "Shaba inavutika, bibi. Unasikia imelainika, unadhani imekubali, kumbe umeshaiua. Mashine ikitikisika, nati inalegea, waya unaungua." Nikamwambia arudie. Akarudia.

Ndipo nikakumbuka. Siku ile, watu wamemzunguka Marwa, baba alikwenda kwanza kwenye jenereta, akainama, akaokota bomba langu, akalitupa kwenye shimo lililoachwa. Nilimwona kwa macho yangu. Nilidhani uchungu umemvuruga akili.

Na yule kuku sikumchinja. Mgeni ni baba yangu mzazi, na nilimwacha arudi Nyarero na njaa.