Mstari Mweupe Mabegani kwa Marehemu

Miaka ishirini na sita ya kukagua shule ilimzoesha Mkaguzi kutoamini kitu mpaka akione kwa miwani yake mwenyewe. Alistaafu, akafiwa na mume, lakini jina hilo halikumtoka, wala tabia yenyewe.

Ndiyo maana picha ilipofika kutoka studio, ndani ya fremu, hakuitundika. Aliikagua. Marehemu mumewe alisimama nyuma ya binti yao siku ya mahafali, mkono begani kwa mwanawe. Lakini kichwa chake na mabega vilizungukwa na mstari mweupe, kama mtu aliyekatwa kwa mkasi kutoka picha nyingine.

Wifi yake akachungulia. "Mh! Wifi, kaka yangu mmembandika?"

"Koma!"

Ulikuwa utani, ila ulimchoma. Mtaani walishanong'ona kwamba marehemu aliitelekeza familia yake, na picha ya kuthibitisha kwamba alikuwapo kwenye mahafali ilikuwa hiyo tu. Jumamosi wazazi wa mchumba wa binti wangeketi sebuleni wakiitazama.

Akaibeba moja kwa moja hadi studio.

"Shikamoo, mama," mpiga picha alisema.

"Nani kakutuma umharibie mume wangu jina?"

Mpiga picha akafungua picha ya awali kwenye kompyuta: hapakuwa na mstari. Akaongeza ukali wa picha mpaka ukomo. Ndevu zikajichora moja moja, na mstari ukachomoza mabegani.

"Kichujio hiki cha ukali hutia weupe na weusi ukingoni mwa vitu, ndipo picha ionekane kali. Hutiwa kidogo, tena baada ya kuikuza. Mimi nilikitia kwanza, nikaikuza picha pamoja na mstari wake."

"Na hicho kidogo kilikushinda nini?"

Akakuna shingo. "Mama, ulinisimamia hapa mgongoni. Kila nikiacha, unasema, 'Ongeza, ndevu hazionekani.' Nikakuogopa."

Mkaguzi akakumbuka, na hakupenda alichokumbuka.

"Anza upya," alisema, akaenda kuketi mbali, karibu na mlango, mkoba kwapani.

Alipoitwa, ndevu zilikuwa na ukungu kidogo, lakini baba alisimama na mwanawe pasipo mstari wowote. Aliipitia pembe hadi pembe.

"Ile mbovu ifute. Nikiona."

Akafuta.

"Na kwenye pipa la taka la kompyuta?"

Akafuta na huko.

"Marahaba," alisema Mkaguzi.