Cucu Alivyongoja Kuzaliwa

Kliniki watakuambia utarajie kichefuchefu, uchovu, matiti kuuma na kukimbilia choo kila saa. Hawakuambii utarajie mama ya mume wako. Mimi ningeambiwa hilo mapema, aki ningefunga mdomo wangu na gundi. Lakini wapi.

Kazi yangu ni nywele. Nasuka na kuosha vichwa vya watu katika saluni moja Thika, jioni narudi Ruiru tunakoishi. Ile mimba ilianzia puani. Vichwa nilivyokuwa nimeviosha miaka na miaka vikaanza kunuka ghafla, kila kichwa na uvundo wake. Asubuhi moja nilikuwa namkaushia mteja nywele, joto likapandisha harufu ya mafuta ya jana na jasho la juzi, nikamwacha hapo na kukimbia kutapika kwenye sinki la kuoshea. Mteja hakunipa hata pole. Alijigeuza kwenye kioo akatangaza, “Haiya! Kumbe huyu ni mzito!” Saluni nzima ikacheka, na mwenye saluni akanionya nisimchafulie sinki.

Halafu yakaja mate. Yalijaa mdomoni hata sijui yalikuwa yanatoka wapi, nikawa natembea na kikopo cha kutemea kama bibi wa zamani. Nilitafuna odowa, yale mawe laini ya sokoni, mpaka ufizi ukaniuma. Usingizi nao ulinikamata nikiwa nimesimama, kitana mkononi. Uchovu huo si wa kazi. Ni uchovu wa mtu aliyetolewa mifupa, na kila mtu anakuuliza mbona umekuwa mvivu.

Nilimwambia mume wangu peke yake, nikamwapisha asiseme kwa mtu mpaka mimba ishike vizuri. Akasema sawa. Jumamosi mama yake akashuka kutoka Ngoliba na gunia la njahi, yale maharagwe meusi ya wajawazito, mapapai na nguo za kukaa. Mtu haleti nguo kama hizo kwa ziara ya siku moja.

Tulimwita Cucu, yaani bibi, kwa sababu ya kijana wetu. Na lazima nieleze kidogo, usije ukadhani huyu mama alikuwa na wazimu. Kwetu Wakikuyu, kijana wa kwanza huitwa jina la baba ya mume, na msichana wa kwanza jina la mama ya mume. Wala hatusemi amepewa jina tu. Tunasema yule mzee amezaliwa. Kijana wetu alikuwa na jina la marehemu mume wa Cucu, na Cucu alimwita “bwanangu” bila kutabasamu, akimwekea nyama kwenye sahani kabla ya watu wazima. Kwa hivyo mzee alikuwa amesharudi. Aliyebaki ni yeye. Mume wangu ndiye kijana wake wa pekee. Binti yake alizaa msichana mmoja na kufunga kazi, jina likaenda upande wa mume. Wamama wenzake wa kanisa walikuwa wamezaliwa wote, wengine mara tatu, nne, na walikuwa wakimtania mbele ya watu kwamba yeye atazikwa na aishie hapo hapo. Sasa kilichobaki duniani ni tumbo langu.

Alinitazama nikitapika mara moja tu, akaamua. “Hii ni msichana. Kijana hatapishi mtu namna hii.” Hata mimba ya kijana nilitapika hivyo hivyo, lakini nani angemwambia.

Kuanzia siku hiyo akaacha kusema mtoto. Alisema mimi. “Leo mmenipikia nini?” Nilidhani anaulizia sahani yake, kumbe macho yake yako kwa tumbo langu. “Usiinue hiyo ndoo, utaniangusha.” “Wacha kutafuna mawe, unataka nitoke na mchanga kwa macho?” Hata kulala nililala kwa amri, upande wa kushoto, kwa sababu yeye hakuwa anapenda kulalia kulia. Jioni moja alipakua njahi, mvuke ukanipanda kichwani, nikasema, “Cucu, hiyo sitaki.”

Akasogeza sahani karibu yangu. “Si wewe nimepakulia.”

Mume wangu alicheka. Alikuwa ameanza kunisalimia tumbo, “Mami, habari ya leo?”, maana msichana wa jina hilo angekuwa ni mama yake. Nikawaka. Nikamwuliza mimi ni nani kwa hii nyumba, sufuria? Cucu ndiye aliyejibu, tena kwa upole. “Sufuria nzuri haipigi kelele, mwanangu. Inapika.”

Na hata hivyo nilimtaka mtoto huyo. Wacha niseme wazi, nilimtaka mpaka nikawa naogopa kupiga chafya. Cucu alimwita mimi, mume wangu alimwita mami. Mimi, bafuni, maji yakinimwagikia, nilimwita wewe. Nilimwambia, wewe kaa, usisikize hawa, kaa tu.

Kisha Cucu akataka wenzake waje. Nilimsihi. Nilimwambia mimba changa hatuisherehekei, angoje hata tumbo lionekane. Akaninyooshea kidole. “Nimengoja mpaka nikazeeka. Wacha wanione.” Hapo karibu nimhurumie.

Walikuja Jumapili na gari la kukodi, wamama wa kanisa, vitambaa kichwani, na unga na sukari na shuka za mtoto. Tangu alfajiri mgongo ulikuwa unaniuma chini kabisa, ule uchungu wa siku za mwezi. Walipokuwa wanavua viatu mlangoni nikaenda choo nikaona damu. Nilimwita Cucu jikoni nikamnong'oneza.

“Ni nyingi?” akauliza.

“Si nyingi. Lakini ni nyekundu, Cucu. Nataka kwenda hospitali.”

Aliangalia mlango wa sebuleni. Huko ndani walikuwa wameanza wimbo. “Hiyo kidogo ni kawaida, hata mimi niliona. Peleka chai kwanza. Watu wametoka mbali.”

Nikapeleka chai. Sijui kwa nini nilipeleka, labda nilitaka sana maneno yake yawe kweli. Nilizunguka na birika, nikainamia kila kikombe, na kila nilipoinama kitu kilivutwa ndani yangu. Mama mmoja mnene akanishika tumbo kwa mikono miwili akaomba kwa sauti, akimkaribisha mwenzao duniani, na wengine wakaitikia amina, amina. Nikasikia damu inateremka chini ya mikono yake. Nikamwekea birika mapajani, nikakimbia.

Choo chetu kinapakana na sebule. Nilikaa hapo nikiuma taulo na wao wakipiga makofi upande wa pili wa ukuta. Nilijua. Hakuna haja ya daktari kukuambia. Mume wangu alikuwa nje akiongea na dereva, nikampigia simu kutoka chooni, na tukatokea mlango wa nyuma kama wezi.

Hospitalini nesi alinipaka ile dawa baridi tumboni, akazungusha kimashine chake huku akiongea na mwenzake kuhusu zamu za wiki. Skrini alikuwa ameigeuzia upande wake. “Mama, hakuna kitu hapa. Imetoka yote. Wiki za mwanzo hutokea sana. Utapata mwingine. Vaa, kuna watu kwa laini.” Nikamwuliza kama ni chai, ile kuinama. Akasema hapana, ingetoka hata ningekuwa nimelala kitandani. Hilo namwamini. Lakini ile chai sijamsamehe mtu.

Tuliporudi walikuwa bado wamekaa, wakinywa. Cucu alisimama akaniangalia usoni, nami nikatingisha kichwa. Alianguka kwenye viti kama nguo.

“Woi! Ameniua!” akalia. “Mnaona huyu? Ameniua mimi! Ngai, Mungu wangu, nimemkosea nini?”

Wakamzunguka wote. Walimpepea, wakamfungua vifungo vya shingoni, wakambeba mikono na miguu mpaka kitandani kwangu na kumfunika na blanketi langu. Mmoja alinipita jikoni nilipokuwa nimekaa kwenye stuli, taulo kati ya mapaja, akaniomba maji ya kumpelekea. Nikamchotea. Jioni unga, sukari na zile shuka zilirudi kwenye gari pamoja na Cucu, kwa sababu aliyefiwa alikuwa yeye. Mume wangu naye akapanda. Alisema hawezi kumwacha mama yake katika hali ile. Alikaa Ngoliba wiki nzima, na kila jioni walikuja watu kumfariji Cucu na kuomba naye. Mimi siku ya tatu nilikuwa Thika naosha vichwa, kwa sababu mwenye saluni alisema kuharibika kwa mimba si ugonjwa.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Sasa harufu zimerudi. Mate yamerudi. Mume wangu namwambia ni asidi, ananinunulia maziwa. Picha ya tumbo nilienda kupigwa peke yangu, na safari hii niliomba skrini igeuzwe, nikauona ule moyo ukipigapiga, kitu kidogo chenye haraka. Nililia mpaka nesi akakasirika.

Cucu hupiga simu kila Jumapili akitoka kanisani. Ameshuka sana siku hizi, miguu imevimba, hata kwaya ameacha. Jumapili iliyopita hakuuliza habari ya mvua wala ya bwanake mdogo.

“Daktari amesema moyo wangu umechoka,” akasema. “Sitaki kukusumbua, mwanangu. Niambie tu nijue. Kuna mtu anakuja?”

Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono mmoja tumboni. Alikuwa anapumua kwa shida, nilimsikia. Neno moja tu lingemfanya huyo mama alale vizuri usiku huo, na lilikuwa mdomoni mwangu, limeiva.

“Hakuna mtu, Cucu,” nikamwambia.

Alisema nilimuua. Basi akae amekufa.