Kopo Zima la Mawese

Juzi nilipita mahali wanapochemsha sabuni ya mawese. Harufu ile nzito, tamu kidogo, kali kidogo, ikanishika mkono kama shangazi asiyetaka uondoke, ikanirudisha kijijini Kizuka, darasani, mbele ya ubao.

Mwalimu wa kemia alikuwa ameandika kaboneti ya sodiamu na kloridi ya kalsiamu, kisha mshale. Mimi, kichwa changu mawinguni kama kawaida, niliona arusi mbili zikibadilishana wenzi: kalsiamu akamfuata kaboneti, sodiamu akamfuata klorini, ngoma inalia. Hadi hapo nilikuwa sawa. Lakini kushoto sodiamu walikuwa wawili na klorini wawili. Kulia, mmoja mmoja. Basi nikambandika kila mmoja kijibili mguuni: Na₂Cl₂. Hesabu ikatimia, nami nikatabasamu.

"We dada," mwalimu akasema, "chumvi hii hata samaki wa Tanganyika hawajapata kuionja."

Darasa likavunjika mbavu. Akanipa hadi kesho yake nirekebishe. Alama za swali lile ndizo zangu za mwisho mwaka ule. Nikizikosa narudia mwaka, na mama alishasema atakayerudia atabaki naye kwenye sabuni.

Jioni nilimkuta uani, ziwa linameta kati ya michikichi, sufuria inatokota polepole. Akaonja sabuni kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Iko kali. Itachubua watu mikono."

"Tupunguze soda, mama."

"Utaichomoa namna gani, mutoto wangu? Imeshaingia. Huku ndani hakuguswi tena. Unaongeza kopo zima la mawese, unapika upya."

Akaingia nyumbani, akatoka na kopo limejaa, jekundu kama jua la jioni ile. Kopo zima! Nikabaki na mwiko hewani, povu likinidondokea mguuni.

Asubuhi nilifuta vile vijibili, nikaandika mbili moja kubwa mbele ya chumvi: 2NaCl. Chumvi mbili nzima, hakuna aliyeguswa mwilini.

Mwalimu akahesabu kushoto, akahesabu kulia. "Nani kakuonyesha?"

"Mama."

"Anafundisha wapi?"

"Kwenye sufuria, mwalimu."

Wakacheka tena, ila safari hii tulicheka wote.

Usiku ule maharage yalikuja meupe, hayana hata tone la mafuta. Nikanuna, mimi mshindi wa siku. Mama akasema tu, "Chumvi iko. Kula." Na tukala hivyo wiki nzima.

Mwalimu alikuwa akituambia kila siku kwamba hakuna kitu kinachotoka hewani. Chochote unachokiona kulia, kitafute kushoto. Niliandika maneno hayo daftarini kwa mwandiko mzuri kabisa. Miaka ikapita kabla sijajiuliza kopo lile lilitoka wapi, maana nyumbani kwetu halikuwepo lingine.

Siku hizi mama akija kwangu, maharage yake nayatia mawese mpaka ananigombeza.