Kiondo cha Pili

Mvua ilinikuta sokoni karibu na mama anayeuza viondo. Mkonge ukilowa hutoa harufu kama ya kamba ya ng'ombe, nami nikasimama pale mpaka akaniuliza kama nanunua.

Nilipokuwa mtoto, shangazi aliporudi kutoka hospitali alikuwa mwepesi hivi kwamba baba alimbeba mgongoni kutoka barabarani. Nyumbani ugonjwa wake haukutajwa. Shuleni watoto walisema ukigusa mate ya mtu kama huyo, umekwisha.

Alishinda kibarazani juani, akisokota nyuzi za mkonge pajani. Uzi ukikauka, alilamba vidole akaendelea. Nilimtazama kutoka mlangoni.

Kiondo alichosuka kwa nyuzi hizo kilikuwa changu, cha kubebea vitabu, chenye mistari miwili ya zambarau. Nilisema asante. Kesho yake asubuhi nilikiinua kwa kijiti, nikakitumbukiza chooni.

Jioni aliniuliza, "Kiondo yako iko wapi?"

"Imeibwa shule, shangazi."

Hakunigombeza, wala hakuuliza ni nani aliyeiba. Alinitazama usoni, kisha akatazama vidole vyake.

"Haya, nitakusukia ingine," akasema. "Lakini niletee maji kwa kikombe."

Nilimletea. Akachovya vidole, akasokota. Akachovya tena, akasokota. Hakuvilamba hata mara moja mpaka jua likazama.

Hapo ndipo nilipokubali kukaa karibu naye.