Nilipoitwa Daktari Kabla ya Kazi Kwisha

Nakumbuka, mwanangu, siku baba alipochinja fahali wetu hapa Lurambi, Kakamega, kwa sababu nilikuwa narudi chuoni Kampala kusomea shahada ya pili. Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru, na watu walikula obusuma, ugali wetu, na nyama mpaka wakalegea. Hakuna aliyejua shahada ya pili ni kitu gani. Mzee mmoja akalimaliza jambo hilo: mtu anayesoma baada ya kumaliza kusoma ni nani, kama si daktari? Jina likashika. Kabla sijaandika hata ukurasa mmoja, akina mama walikuwa wakinionyesha magoti yanayowauma. Nami nikachekelea. Sifa ni tamu, usinidanganye kwamba wewe huzipendi.

Kazi yangu ilikuwa kulinganisha mbegu za mahindi kule Lugari, katika mashamba ambayo familia zetu zilipata wazungu walipoondoka. Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri. Msimu wa pili, ng'ombe wa jirani walivunja ua wakala vishamba vyangu vyote vya majaribio.

Mwenye akili angepanda basi la Kampala siku ileile akamweleze mwalimu wake. Mimi nilinyamaza. Daktari gani anashindwa na ng'ombe? Mwalimu aliyenisimamia, mzungu mmoja mpole, aliniulizia kila alipokutana na wenzangu, nami nikawa napita nyuma ya maktaba ili tusionane. Waliosema mficha uchi hazai walinijua. Mwaka ukapita nikiandika na kufuta sura ileile ya kwanza, nikitaka iwe nzuri mno, ndipo nikasikia mkataba wake umekwisha na anarudi kwao.

Nilikwenda kumuaga, nikamwambia yote.

"Kwa nini hukuja?" akaniuliza. "Msimu mmoja ungetosha. Tungebadilisha swali la utafiti tu."

Maneno hayo yamenichoma miaka yote hii. Aliyechukua nafasi yake hakunijua wala hakuyajali mahindi yangu, na chuo kikanifuta. Nikaja kufundisha sekondari hapa Kakamega, kazi ya heshima, silalamiki. Lakini baba sikumwambia. Alipougua, alimshika nesi mkono akamwambia, "Kama kuna kitu inakusumbua, uliza huyu. Ni mtoto yangu, ni daktari." Nikainamisha kichwa. Alikufa wiki hiyo, na ukweli nikabaki nao mimi. Najuta, mwanangu.

Basi nisikilize, wewe unayetaka kuanza na wewe uliyekwama katikati. Kabla hujamkubali mwalimu wa kukusimamia, uliza atakuwepo mpaka lini. Mpelekee sura ikiwa mbichi. Yeye si mgeni wa kupikiwa. Siku kazi itakapoharibika, na itaharibika, mwambie upesi, usingoje kwanza upate cha kujitetea. Watu wa nyumbani wakikupa cheo mapema, cheka nao, kisha mkalishe mzazi wako pembeni umwambie palipokushinda. Nafikiri baba angenipenda vilevile. Sikumpa nafasi ya kunionyesha.

Mungu akupe mwalimu mwenye subira, akupe na ulimi wa kumwambia umekwama. Na siku utakapovaa joho, wazazi wako wawe hai, wakuite jina lililo lako kweli.