Kiganja Juu ya Ukurasa

Harufu ya gazeti lililolowa mafuta ya vitumbua hainitoki puani hadi leo. Mama yangu alikuwa akiuza vitumbua pale Igawa, mabasi yanaposimama, na kazi yangu ilikuwa kuchana magazeti ya kufungia. Sikuchana kipande bila kukisoma kwanza. Mama alikuwa akifoka, "We Anyosisye, abiria wanaondoka, unasoma nini huko?"

Nilikuwa darasa la tatu alipokuja mwalimu mpya wa kike kutoka Iringa, Mhehe asiyecheka ovyo. Akatuita mbele mmoja mmoja na kitabu chetu cha darasa, aone kama kusoma kwetu kunalingana na la tatu. Tulikimwaga kama wimbo, maana kila siku tulikiimba darasa zima. Sauti yangu ilizidi zote. Nikiwa katikati akafunika ukurasa kwa kiganja. Nikaendelea kusoma vizuri tu, mpaka nukta ya mwisho.

"Kumbe!" akasema. "Kesho nawapima upya. Atakayeshindwa anarudi la kwanza."

La kwanza alikuwamo mdogo wangu, Ambakisye. Jioni yote alinichoma: "Kaka, nimekuwekea nafasi kwenye dawati. Ila usinisukume."

Kesho yake mwalimu aliacha kitabu mezani, akatoa kipande cha gazeti chenye mafuta, alichofungiwa vitumbua na mama yangu asubuhi ile. Wenzangu walikikodolea macho. Wengine wakaimba yale yale ya kitabuni. Zamu yangu ikafika. Nikasoma habari ya daraja lililozolewa na maji, taratibu, neno kwa neno, halafu nikanyamaza.

"Mbona umeacha?"

"Mwalimu, hapa limechanika."

Akacheka, mara ya kwanza tangu aje. "Huyu anasoma," akaliambia darasa. "Huyu anabaki la tatu."

Shule niliishia la saba. Lakini leo ulizia Iyunga duka la mabati la Anyosisye, hata mtoto atakuonyesha, na mikataba yangu naisoma mwenyewe. Kitinda mimba wangu, Neema, yuko la tatu shule ya kulipia. Ripoti yake inamsifu, lakini mimi siridhiki na ripoti. Juzi nikamwita dukani asome mbele ya wateja. Akatiririka. Nikaufunika ukurasa kwa kiganja changu.

Akanyamaza papo hapo. "Baba, toa mkono bwana, sioni!"

Wateja wakaangua kicheko. Mimi, umri wake, niliendelea kusoma chini ya kiganja. Mtoto kanizidi. Na bado nasema, kamrithi babake.